Binti yangu mwenye mtindio wa ubongo anataka kunyanyua vyuma. Nimkubalie?

Habari za kazi, daktari.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Naandika kuhusu binti yangu wa kwanza. Ana miaka 14 na yuko kidato cha pili.

Alizaliwa njiti, mimba ikiwa ya miezi saba. Alitoka hospitali salama, lakini alichelewa kukaa na akachelewa kusimama, na alipofika miaka miwili tukaambiwa ana mtindio wa ubongo uliompata zaidi miguuni. Akili yake iko sawa kabisa, darasani anafanya vizuri. Alianza kutembea akiwa na miaka minne, kwa vidole, magoti yakisuguana. Mpaka leo viatu vyake vya shule vinalika mbele tu, kisigino kinabaki kama kilivyotoka dukani.

Akiwa mdogo nilikuwa nampeleka kliniki ya mazoezi. Walimnyoosha miguu, wakanifundisha na mimi nikawa namnyoosha nyumbani. Alipoanza shule ya msingi tukaacha, maana alikuwa anatembea na kucheza na wenzake, nikaona tumeshavuka. Tatizo limeanza mwaka jana. Amerefuka ghafla, amevunja ungo, mwili umeongezeka. Tangu hapo naona anarudi nyuma. Magoti yanakunja zaidi akitembea. Akitaka kuinuka kwenye kiti lazima ajisukume kwa mikono. Akitoka shule anafikia kitandani, hata chakula anaamshwa. Darasa lao liko ghorofani, na wenzake ndio wanambebea begi kupanda ngazi.

Mwezi uliopita akaniambia, "Mama, nimechoka kubebewa begi. Nataka niwe na nguvu." Anamwona mjomba wake, mdogo wangu, anavyonyanyua vyuma, na kumbe ameshamwomba amfundishe. Mjomba mtu akakubali hata kabla mimi sijasema neno.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mama mkwe wangu tunaishi naye, na anampenda sana huyu mjukuu. Anasema mtoto mwenye miguu dhaifu habebeshwi mizigo, anachohitaji ni kuchuliwa kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu na kupumzishwa. Baba yake anaogopa vyuma vitamdumaza. Na mimi nakumbuka niliambiwa zamani kwamba misuli ya watoto hawa imekaza, ukiifanyisha kazi nzito inazidi kukaza. Shuleni nako wamemwondoa kwenye michezo. Anakaa kivulini akiwatunzia wenzake viatu na chupa za maji.

Naomba unisaidie. Je, vyuma vitamdhuru? Nimruhusu aende na mjomba wake? Au nimwambie ukweli kwamba mwili wake haukuumbwa kwa mambo hayo?

Mama wa Tanga

*

Mama, tafadhali usimwambie hivyo, maana si kweli.

Kijana mwenye mtindio wa ubongo anayetembea mwenyewe anaweza kufanya mazoezi ya nguvu, na kwa umri wa binti yako, mwili unapobadilika kwa kasi, ni katika mambo yenye faida kubwa anayoweza kujifanyia. Ila apimwe kwanza, afundishwe na mtu anayejua, na uzito upandishwe polepole.

Nianze na hilo uliloambiwa zamani, kwa sababu limewazuia watoto wengi. Aliyekuambia hakukudanganya. Kwa miaka mingi ndivyo wataalamu wa mazoezi tiba walivyofundishwa, si hapa kwetu tu bali duniani kote: msuli wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo umekakamaa, kwa hiyo uunyooshe, uulegeze, usiutumikishe. Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1990. Mwaka 1995 huko Marekani, Diane Damiano na wenzake walichapisha matokeo ya watoto wanaotembea wamekunja magoti, hali ileile unayoniandikia. Watoto hao walifanyishwa mazoezi ya nguvu ya paja la mbele, mara tatu kwa wiki kwa wiki 6. Misuli iliongezeka nguvu, na wakati wa kutembea magoti yakakunja kidogo kuliko mwanzo. Tafiti zilizofuata katika nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba nguvu inaongezeka na kukakamaa hakuzidi.

Tunachanganya mambo mawili tunapouona mguu mgumu. Msuli uliokaza si msuli wenye nguvu. Binti yako alipozaliwa njiti, sehemu ya ubongo iliyoumia inaelekea ni ile inapopita mishipa ya fahamu inayoongoza miguu. Ndiyo huumia kwa njiti wengi wanaopata tatizo la namna hii. Kwa hiyo amri inayofika miguuni ni pungufu. Baadhi ya nyuzi za msuli haziamshwi kabisa, nyingine zinaamshwa wakati usiofaa, na msuli wenyewe umekua mfupi na mwembamba kuliko wa mwenzake wa umri huo. Ukimchua unauliwaza, na ukimnyoosha unausaidia usizidi kufupika. Hata kimoja hakiufundishi kusukuma. Msuli unajifunza kusukuma kwa kusukuma kitu kinachousumbua kidogo.

Na kwa nini amerudi nyuma sasa, wakati alikuwa anacheza vizuri tu? Mtindio wa ubongo wenyewe hauendelei. Jeraha la ubongoni liko palepale lilipokuwa alipozaliwa. Kilichobadilika ni mwili: mifupa imerefuka, uzito umepanda, na misuli haikwenda na kasi hiyo. Goti likishaanza kukunja, paja linabeba kazi kubwa kwa kila hatua. Jaribu mwenyewe leo jioni. Simama jikoni umekunja magoti kidogo, usonge ugali hivyohivyo bila kujinyoosha. Mapaja yatawaka moto kabla ugali haujaiva. Binti yako anatembea hivyo kwenda shule, anapanda ngazi hivyo, anarudi hivyo, halafu tunashangaa kwa nini anafikia kitandani.

Lakini kwa sababu amepoteza vitu alivyokuwa anaviweza, asianze hata zoezi moja la uzito kabla hajaonwa. Hapo Tanga anzia idara ya fiziotherapia, hospitali ya mkoa, Bombo. Waambie hasa ulichoniambia mimi: magoti yanakunja zaidi tangu mwaka jana, anajisukuma kwa mikono. Waombe wamwangalie nyonga, magoti, vifundo na mgongo, na uulize kama anahitaji picha ya nyonga, kwa sababu kwa watoto hawa nyonga inaweza kuanza kutoka mahali pake kidogokidogo bila mtu kujua. Omba pia apimwe wingi wa damu. Msichana aliyeanza hedhi na anayechoka kupita kiasi anaweza kuwa na upungufu wa damu, na hilo lina tiba yake. Hakuna zoezi litakaloziba pengo hilo. Ikionekana anahitaji kifaa cha kushikilia kifundo, KCMC Moshi na CCBRT Dar es Salaam wana mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi wanaovitengeneza.

Kama mtu atawashauri kwa haraka kukatwa mshipa wa kisigino kwa sababu anatembea kwa vidole, usikubali siku hiyohiyo. Uliza kwanza kuhusu magoti na nyonga. Kwa mtoto ambaye magoti yanakunja, kulegeza kisigino peke yake kunaweza kumfanya azidi kuchuchumaa anapotembea. Huo ni uamuzi wa daktari bingwa wa mifupa aliyemwangalia akitembea, si wa mtu aliyemwona amelala kitandani tu.

Niseme neno kwa wasomaji wengine pia, maana najua barua hii itasomwa na wazazi ambao watoto wao wana udhaifu usio na jina bado. Ninayoandika hapa ni ya binti huyu na wenzake wenye tatizo kama lake. Kuna udhaifu wa misuli ambao vyuma vinauharibu. Mvulana aliyekuwa anakimbia, kisha akaanza kuangukaanguka akiwa na miaka minne au mitano, mashavu ya miguu yamejaa na kuwa magumu, na akiinuka sakafuni anapanda mapaja yake mwenyewe kwa mikono: huyo anaweza kuwa na ugonjwa wa kurithi wa Duchenne, ambao nyuzi za misuli zinachanika na kufa kwa kukosa protini ya kuzikinga. Mazoezi mazito, hasa ya kushuka ngazi au kushusha uzito, yanamwongezea uharibifu. Na mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono umelegea ghafla, ndani ya siku chache, apelekwe hospitali siku hiyo. Ufuatiliaji wa polio unamhusu mpaka ithibitishwe kuwa sivyo. Mwingine wa kumkimbiza ni aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo pamoja na udhaifu wa miguu, au ambaye kope zinashuka na sauti inafifia kadiri jioni inavyoingia.

Sasa nirudi kwako. Baba yake anaogopa kudumaa. Hofu hiyo ni ya wazazi wengi na ina asili yake: ncha za mifupa ya mtoto zina sehemu laini inayorefusha mfupa, na watu hudhani uzito utaiponda. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimelipitia suala hili kwa miaka mingi, na msimamo wake ni kwamba mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa vizuri hayamdumazi mtoto. Kinachoumiza ni kujaribu uzito mkubwa kuliko wote, kurusharusha vyuma, na kukosa mtu wa kusimamia. Mifupa ya kijana asiyetembea vya kutosha, kwa kweli, inauhitaji mzigo. Ikikaa bila kazi inakuwa dhaifu.

Hapo ndipo napata wasiwasi kidogo na mjomba, ingawa nampenda kwa kukubali bila kusita. Vijana wa jimu wana tabia ya kushindana nani ameweka sahani nyingi. Kwa binti huyu mashindano hayo ni marufuku mpaka amalize kukua. Mjomba afuatane nanyi hospitali, aone kila zoezi likifanyika, naye alifanye mbele ya mtaalamu. Akishajifunza, atakuwa msaidizi mzuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu binti amemchagua mwenyewe. Unga wa protini na vidonge vya kujaza mwili aviache huko huko kwake. Dagaa, maharage, mayai na samaki wa Tanga vinamtosha.

Jimu yenyewe wala si mahali pabaya kwake. Kuna mashine ya kusukuma kwa miguu ukiwa umekaa na mgongo umeegemea. Kwa mtu mwenye shida ya mizani hiyo ni afadhali kuliko kuchuchumaa na chuma begani, maana anaweza kuyatumikisha mapaja kwa bidii bila kuhangaika asianguke. Nendeni saa ambayo watu ni wachache, uwepo wewe au shangazi yake, avae suruali ya mazoezi anayoridhika nayo mwenyewe. Kuna wasichana wengi wameacha mazoezi kwa macho ya watu, si kwa uchovu.

Lakini msianzie huko. Anzeni nyumbani, na nitakueleza ninayowaanzishia vijana wa namna yake, ili ukifika kwa mtaalamu ujue cha kuuliza. Yeye ndiye ataamua lipi libaki na lipi litoke.

La kwanza kwangu ni kuinuka kwenye kiti, kwa sababu ndilo jambo lenyewe analoshindwa. Tafuta kiti kigumu cha mbao, kiegemezwe ukutani. Cha plastiki kinateleza kwenye sakafu na kitamwangusha. Mwanzoni weka juu yake mto mgumu ili kimo kiongezeke. Nyayo zikae chini, magoti yaelekee vidole vya miguu yasigongane, mikono aikunje kifuani. Ainuke kwa hesabu ya tatu, akae kwa hesabu ya tatu. Kule kukaa polepole ndiko kwenye kazi. Akijibwaga kama gunia amepoteza nusu ya zoezi. Akiweza mara 12 bila mikono, apumzike dakika moja na nusu au mbili, arudie, kisha mara ya tatu. Siku atakayomaliza zote tatu na bado anacheka, toa mto. Akimaliza tena bila mto, mpe lile begi la shule alivae kwa mbele, ndani weka kilo moja ya mchele. Baadaye kilo mbili.

Akae na kuinuka kwa wiki mbili hadi nne za kwanza bila uzito wowote wa kumtisha. Muda huo ni wa ubongo kujifunza njia. Nguvu inayoonekana mwezi wa kwanza nyingi yake si nyama iliyoongezeka. Ni nyuzi zilizokuwa zimelala ambazo sasa zinaitika.

Zoezi jingine ni kupanda kipandio kimoja, baraza au ngazi ya mlangoni, mkono mmoja ukigusa ukuta. Apande kwa mbele, kisha apande kwa ubavu. Kwa ubavu kunamfanyisha kazi msuli wa pembeni ya nyonga, na huo ukiwa dhaifu ndipo magoti yanaposuguana. Kisha alale chali kwenye mkeka, akunje magoti, anyanyue makalio na kuyashikilia juu kidogo kabla ya kushusha. Tanga ni mji wa baiskeli, chubu kuukuu haikosekani: fungeni kipande kwa kuzunguka mapaja juu kidogo ya magoti, akinyanyua makalio awe anaisukuma chubu kwa nje. Ni ngumu kuliko inavyosikika, na bei yake ni bure.

La mwisho huwashangaza wazazi. Ashike ukuta, apande kwa vidole polepole, na ashuke polepole mpaka kisigino kifike chini kadiri kinavyoweza. Mtu anayetembea kwa vidole, mnadhani mashavu ya miguu yake yana nguvu kupita kiasi. Mara nyingi ni dhaifu, yamekaza tu. Kule kushuka mpaka mwisho ndiko kunakomsaidia. Hili hasa liangaliwe na mtaalamu kabla ya kuanza.

Kuhusu kiasi, kanuni ni ya hisia zaidi kuliko ya mizani. Uzito uwe ule ambao akifika mara ya 8 mpaka 12 anahisi angeweza moja au mbili zaidi, si kumi zaidi. Zikiwa rahisi, ongeza kidogo, kama asilimia 10. Siku mbili au tatu kwa wiki, zisifuatane: kwa mfano Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi. Dakika 30 au 40 zinatosha. Asifanye anapotoka tu shule akiwa amechoka hoi. Ale, apumzike, jua lishuke. Jumamosi afanye asubuhi kabla joto halijapanda. Ahesabu kwa sauti, maana anayehesabu hawezi kubana pumzi. Siku za hedhi hakuna katazo lolote, apime mwenyewe anavyojisikia. Wiki za mitihani punguzeni, msiache kabisa.

Kesho yake na keshokutwa atasikia misuli inauma kwa ndani, inauma zaidi akiishika. Hiyo ni kawaida, na umwambie mapema asije akaogopa. Maumivu ya kuchoma kwenye kiungo chenyewe, mbele ya goti au ndani ya kinena, si ya kuvumilia. Yakija, zoezi lililoyaleta lisimame mpaka aonwe. Kunyoosha miguu kuendelee jioni kama alivyofundishwa. Havipingani hata kidogo.

Nikuambie pia kitu ambacho mjomba hatakuambia. Mtegemee nguvu, msitegemee miujiza ya mwendo. Mwaka 2013 watafiti wa Australia walichapisha utafiti wa vijana 48 wenye mtindio wa ubongo, wa miaka 14 hadi 22, ambao nusu yao walifanya mazoezi ya uzito jimu mara mbili kwa wiki kwa wiki 12. Miguu yao ilipata nguvu. Walipopimwa umbali wa kutembea kwa dakika 6, hawakuwazidi wale ambao hawakufanya. Lakini vijana wenyewe walisema kutembea kwao kumekuwa kwepesi. Mimi nayachukua maneno yao kwa uzito, maana wao ndio wanaoishi ndani ya mwili ule. Binti yako ataendelea kutembea kwa namna yake. Anaweza kutembea kwa namna yake bila kuchoka kiasi kile, akainuka kwenye kiti bila kujisukuma, akapanda ngazi na begi lake. Mazoezi ya wiki mbili hayaonyeshi kitu. Yapeni miezi mitatu kamili. Na yakiachwa, nguvu inaondoka, kwa hiyo hata baadaye abaki na siku moja au mbili kwa wiki.

Ndiyo maana nataka lengo aliweke yeye. Nunua daftari dogo. Siku ya kwanza mpime: kwa sekunde 30 anainuka na kukaa mara ngapi, na ngazi za shule anapanda ngapi kabla ya kusimama. Aandike kwa mkono wake. Kisha aandike anachotaka. Ameshakutajia, mama: hataki kubebewa begi. Kwangu hilo ni lengo bora kuliko yote ambayo mimi au daktari mwingine tungemwandikia, na kila zoezi hapo juu linaelekea huko. Apime tena kila baada ya wiki nne. Siku nyingine hatataka, na ana miaka 14, ana haki ya kukasirika. Usiyafanye mazoezi yawe adhabu wala deni kwake.

Shuleni nenda ukaonane na mwalimu mkuu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku tatu kwa wiki, na umewataja wazi watoto wenye ulemavu. Kukaa kivulini kulinda viatu vya wenzake hakumo. Anaweza kurusha na kudaka mpira, anaweza kufanya mazoezi yake ya kiti wakati wenzake wanakimbia. Na omba darasa lao lihamishiwe chini. Usingoje aimarike kwanza. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma mahali anapoweza kufika, awe na nguvu au asiwe nazo. Ngazi atazipanda siku za mazoezi, kwa hiari yake, akiwa hajachelewa kipindi.

Mama mkwe naye umwendee kwa heshima yake. Mkono wake na mafuta ya nazi havimdhuru mjukuu, na jioni ya siku ya mazoezi miguu ikiwa imechoka vitampendeza kweli. Mwambie daktari amesema aendelee kumchua, ila mazoezi yakishaisha. Na muombe awe msimamizi wa hesabu: akae mkekani karibu na kiti, akatae kuhesabu mara yoyote ambayo binti amejibwaga. Nimeona mabibi walioanza kwa kupinga wakawa wakali kuliko sisi tuliosomea.

Mkishatoka Bombo niandikie tena. Nataka kujua nyonga zimeonekanaje, damu yake ni kiasi gani, na mtaalamu amebadilisha lipi katika haya niliyoyataja. Na muulize binti kama ana swali lake mwenyewe, aliandike chini ya barua yako, nitamjibu yeye.